Shabu haitakulainishia ngozi

Ngozi iliyotoka vizuri kwenye dawa ya shabu, ile chumvi ya alumini, kisha ikaachwa kambani mpaka ikakauka yenyewe, inakuwa ubao. Ukiigonga inalia. Mwenyewe anaitazama, anaamua kwamba shabu ilikuwa kidogo, ngozi inayofuata anaizidishia dawa, nayo inatoka ubao vilevile. Dawa haikuwa na kosa. Kazi yake ni kuizuia ngozi isioze. Kulainisha ni kazi ya mafuta na mikono, tena kwa saa maalumu, ngozi ikiwa haijakauka na wala haiko chapachapa.

Ngozi ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zimesongamana kama sufi ndani ya mto, na katikati yake kuna maji. Maji yakitoka nyuzi hukaribiana na kunatana. Kolajeni hiyohiyo ndiyo inayochemshwa kutengenezea gundi, kwa hiyo si ajabu ikigandana. Ukizichezesha nyuzi wakati maji yanatoka, hazipati nafasi ya kushikana, na mafuta uliyotia yanabaki kati yake kama kilainishi kwenye bawaba. Ukilishika hilo, hatua nyingine zote zinaeleweka.

Nitakaa zaidi kwenye ngozi ya mbuzi, kondoo au sungura inayobaki na manyoya yake, kwa njia ya shabu. Inafanyika nyumbani bila mtambo na bila sumu kali. Njia ya magome ya miti nitaipitia kwa ufupi mwishoni. Chumvi za kromu, dawa nyingine ya ngozi, siziandikii: viwandani zina nafasi yake, lakini nyumbani hakuna pa kumwaga maji yake.

Kabla ya yote, kimeta. Mnyama aliyekufa ghafla bila sababu inayojulikana, hasa akitokwa damu puani au nyuma na damu hiyo haigandi, hachunwi. Mbegu za ugonjwa huo huishi miaka mingi, na kutia chumvi au kuanika hakuziui. Mwite daktari wa mifugo, ngozi iende na mzoga.

Kwa mnyama mzima aliyechinjwa, saa zinaanza kuhesabika pale kisu kinapomaliza kuchuna. Bakteria huanzia kwenye mashina ya manyoya, na hupenda tumbo na kwapa, ambako ngozi ni nyembamba na joto hukaa. Manyoya yatanyonyoka siku ya tano ukiwa katikati ya kazi, ila kosa lilitendeka siku ya kwanza, ngozi ilipokunjwa ikiwa na joto au ilipowekwa kwenye mfuko wa plastiki. Tandaza ngozi kivulini ipoe mara moja. Kisha shika kishungi cha manyoya tumboni na uvute taratibu. Yakibaki, endelea. Yakija na mzizi, hakuna dawa ya kuyarudisha. Badili mpango, uyaondoe yote na utengeneze ngozi tupu.

Ikishapoa, iweke juu ya gogo laini na ukwangue nyama na mafuta kwa kisu butu. Kisu kikali kinatoboa. Halafu chumvi: nusu ya uzito wa ngozi. Ngozi mbichi ya kilo 2 inataka kilo 1 ya chumvi laini. Chumvi ya mawe makubwa inaacha mapengo, na penye pengo ndipo panapooza. Isugue mpaka ukingoni, masikioni, shingoni, na popote ngozi inapojikunja yenyewe. Kingo zilizojikunja ndizo zinazosahaulika kila mara. Ilaze pahali penye mteremko ili maji yatoke. Baada ya saa 24 kung'uta chumvi iliyolowa, uitupe, utie nusu kilo nyingine. Siku ya tatu ngozi itakuwa imekaza lakini bado inakunjika. Usiimalizie juani. Ngozi mbichi yenye maji husinyaa na kujikunja kwenye joto la nyuzi 60 hadi 65, na bati lililopigwa na jua la mchana linaweza kufika huko. Ngozi iliyoiva hivyo haina tiba.

Ukiwa tayari kuendelea, iloweke kwenye maji baridi yenye gramu 30 za chumvi kwa kila lita, pamoja na kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya vyombo. Saa 6 hadi 12 zinatosha. Ya kondoo badilisha maji na sabuni mara mbili au tatu, kwa maana mafuta yake ni mengi, na mafuta na dawa haviingiani. Ikitoka inapaswa kulegea kama siku ilipochunwa, kila mahali. Pakibaki pagumu, dawa haitapita pale.

Sasa irudishe kwenye gogo. Hapa ndipo penye siri kama ipo. Upande wa nyama una utando mwembamba unaong'aa, wa rangi ya samawati kwa mbali, unaofanana na ule unaofunika mnofu buchani. Ngozi ikiwa mbichi na imejaa mafuta hauonekani. Ikishakaa kwenye chumvi na maji, unajitenga. Ingiza ncha ya kisu butu chini yake, uuinue, utatoka kwa vipande vipana kama karatasi ya nailoni. Chini yake ngozi haing'ai, ina vinyuzi kama blanketi. Geuza ngozi kwenye mwanga na uisome: palipong'aa bado, palipofifia tayari. Ngozi nyingi zinazopasuka kama karatasi mwishoni zilibakiwa na utando huu, kwa sababu shabu haipenyi vizuri na mafuta hayapenyi kabisa.

Baada ya hapo ni maji ya asidi. Asidi inafungua nyuzi na kuwaua bakteria waliobaki. Tumia chombo cha plastiki. Changanya maji nusu na siki nyeupe ya asilimia 5 nusu, na katika kila lita ya mchanganyiko uyeyushe gramu 120 za chumvi. Ngozi ya mbuzi itataka lita 10 hivi, ielee na kugeuka kwa nafasi. Chumvi itangulie, siki ifuate, ngozi iwe ya mwisho. Ngozi ikikutana na asidi isiyo na chumvi ya kutosha, nyuzi hunyonya maji na kuvimba, ngozi inakuwa nene na kuteleza kama mlenda, na hata ikinywea baadaye haina tena nguvu. Chini ya gramu 60 kwa lita ni kujitafutia hasara.

Pima kwa karatasi za pH, kipimo cha ukali wa asidi: namba ikishuka, ukali umezidi. Isivuke 3 kwenda juu, na ikikaa kati ya 2 na 2.5 ni bora zaidi. Ngozi hunywa asidi, kwa hiyo kipimo cha siku ya kwanza si cha siku ya pili. Ongeza siki ikipanda. Geuza mara tatu kwa siku. Siku ya tatu itoe, ikamue, na upunguze unene wa shingo na mgongo kwa kukwangua. Ngozi iliyokaa kwenye asidi inakwanguka vizuri sana, na shingo isiyopunguzwa leo itakutesa wakati wa kulainisha. Irudishe siku mbili nyingine.

Wapo wanaotumia asidi ya sitriki badala ya siki, gramu 20 hadi 25 kwa lita na chumvi ileile. Ni rahisi kupima na haina harufu. Lakini sitriki hushikana na alumini iliyomo ndani ya shabu na kuizuia isishike ngozi. Ukiitumia, suuza vizuri kwenye maji ya chumvi kabla ya kuendelea. Mimi hupendelea siki kwa ajili hiyo tu.

Kisha punguza ukali. Ngozi iingie kwenye maji yenye gramu 7 za magadi ya kuokea na gramu 60 za chumvi kwa lita, dakika 20 hadi 30, uigeuzegeuze. Lengo ni pH 4 hivi. Ukiruka hatua hii asidi itabaki ndani, na baada ya miezi ngozi itaanza kukatika vipandevipande kama gazeti la zamani. Ukizidisha muda, upande wa nje utakuwa mbali na wa ndani, na shabu itaganda juujuu.

Dawa yenyewe ni hii, kwa ngozi moja ya mbuzi: shabu gramu 450 katika lita 4 za maji, magadi ya kufulia gramu 115 na chumvi gramu 225 katika lita 2 nyingine. Shabu inayeyuka kwa shida kwenye maji baridi, kwa hiyo iyeyushe kwanza kwenye lita moja ya maji moto, ongeza ya baridi, usubiri ipoe. Halafu mimina maji ya magadi ndani ya maji ya shabu polepole sana huku unakoroga. Utaona povu. Kila tone linapoingia huganda weupe kidogo kisha hupotea. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ukimimina kwa pupa, mabonge meupe yanabaki chini hayayeyuki tena. Ile ni alumini yako imekaa chini badala ya kuingia ngozini. Weupe ukianza kukawia kupotea, acha kumimina hata kama magadi yamebaki. Magadi ya mawe yana nguvu tofauti na yale ya unga ya kufulia, tena yana udongo, na gramu hizo hazitakuwa sahihi kwake. Chuja, na uongozwe na macho na karatasi ya pH, isizidi 4.

Sungura atakaa humo siku 2, mbuzi na kondoo siku 4 au 5, pakiwa na ubaridi na ukigeuza asubuhi na jioni. Kama ngozi ina manyoya marefu usiyotaka yalowe, koroga dawa hiyo na unga wa ngano iwe uji mzito, upake upande wa nyama unene wa milimita 3, funika kwa plastiki, kesho yake kwangua upake tena, mara tatu.

Imeiva? Kata kipande chembamba ukingoni mwa shingo, pale palipo pazito kuliko pote, utazame mkato. Weupe uwe umepenya toka upande mmoja hadi mwingine. Ukiona mstari wa kijivu katikati unaopitisha mwanga kama ukucha, rudisha. Kipimo cha pili: kunja ngozi mara nne, finya pembe ya mkunjo kwa nguvu, fungua. Ukibaki mstari mweupe, tayari. Kipimo cha kuchemsha kipande kwenye maji usikitumie hapa. Ngozi ya shabu itajikunja tu kwenye maji yanayochemka, na hata ya magome itajikunja. Ni ya kromu inayovumilia.

Usiisuuze papo hapo. Ilaze juu ya mti, manyoya nje, ichuruzike siku nzima huku umeifunika isikauke. Shabu inaendelea kushika. Ndipo uisuuze haraka kwa maji machache. Shabu haifungamani na ngozi kwa kudumu, na ukiifua sana inatoka. Ndiyo maana ngozi hii inafaa zulia, kava la kiti, mfuko wa ndani, si kiatu cha kukanyagia madimbwi.

Mafuta yatiwe ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta peke yake yanabaki juu. Yanataka kitu cha kuyaunganisha na maji, na kiini cha yai kinayo lesithini inayofanya kazi hiyo. Viini 4, mafuta ya kupikia au ya kwato mililita 60, kijiko cha sabuni iliyoparwa, maji ya uvuguvugu mililita 250. Piga mpaka iwe kama maziwa mazito. Maji yasizidi joto la kuogea mtoto, la sivyo unapika mayai. Sugua upande wa nyama kwa kiganja mpaka yanywewe, kunja nyama kwa nyama, acha usiku kucha. Mafuta ya kitani epuka, kwa sababu yanakauka na kuwa magumu kama vanishi. Na usidhani maradufu ya mafuta ni maradufu ya ulaini: ngozi iliyoshiba kupita kiasi inakuwa nzito, inanata vumbi, na manyoya yanashikana.

Asubuhi itundike kivulini penye upepo mwepesi, au uiwambe kwenye fremu kwa kamba, bila kuikaza sana. Sasa usiende mbali.

Ngozi iliyolowa ina rangi ya kijivu iliyokolea. Ivute kwa mikono miwili. Ikitoka maji, bado. Ikinyumbuka bila kubadilika rangi, bado. Kuna wakati utaivuta na pale ulipovuta patapambazuka ghafla, panakuwa peupe na laini kama flana, na kijivu kinabaki pembeni. Saa imefika. Samaki mkunje angali mbichi, lakini ngozi ina sharti la ziada: isiwe mbichi mno, maana ukiifikicha ikiwa na maji mengi unajichosha bure, nyuzi zitashikana baadaye ukiwa umelala.

Chombo ni rahisi. Ubao uliosimamishwa wima, umefungwa imara au umebanwa kati ya magoti, kichwa chake kimechongwa ukingo mwembamba lakini wa mviringo, usiokata. Weka upande wa nyama kwenye ukingo, shika ngozi pande mbili, uivute huku na huku kama mtu anayeng'arisha kiatu kwa kitambaa. Anza kingoni kwa sababu kingo hukauka kwanza. Kisha mgongo, toka shingoni kwenda mkiani, halafu kwa upana, halafu mshazari. Nyuzi zimelala kila upande na mvuto wa upande mmoja hauzifikii zote. Tumboni na kwapani tumia vidole tu. Hapo ngozi ni nyembamba na ubao utaichana.

Dakika kumi, kisha itundike nusu saa ipoteze maji, kisha dakika kumi tena. Ya sungura inakwisha kwa saa mbili au tatu. Ya mbuzi itakula siku nzima, na mapumziko kati ya raundi yanafupika kadiri unyevu unavyoisha, kwa sababu dakika za mwisho ndizo nyuzi zinapokimbilia kushikana. Wengi huacha hapo, ngozi ikionekana nyeupe yote. Iweke shavuni. Palipo baridi pana maji bado, hata kama pameonekana pakavu, na pakiachwa pataamka pagumu. Acha pale tu ngozi nzima ikiwa haina ubaridi.

Ukilazimika kukatisha, itie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa na uiweke pahali pa ubaridi. Usiku mmoja haitadhurika. Ikikuponyoka ikakauka, si msiba. Pangusa upande wa nyama kwa sponji yenye maji ya uvuguvugu na chumvi kidogo, ikunje, iache usiku mmoja unyevu usambae, kesho uanze upya. Raundi mbili au tatu za namna hiyo ni kawaida kwa shingo ya beberu. Ukisikia inatatarika ukiikunja, usilazimishe, ilowanishe kwanza. Tundu dogo la mviringo linavumilia kuvutwa, lakini mpasuko wa kisu unarefuka kila ukivuta, kwa hiyo uushone mapema, ngozi ikiwa imetoka tu kwenye dawa.

Ikishakauka, msasa wa namba 80 upande wa nyama, kisha 120, ukiwa umefunika pua. Manyoya yasafishe kwa vumbi la mbao lililopashwa moto kidogo: sugua, kung'uta, chana. Lisiwe la mbao zenye utomvu.

Ngozi ikija kuwa na unyevunyevu kila hali ya hewa inapobadilika, chumvi imebaki ndani nayo inavuta maji hewani. Unga mweupe unaojitokeza juu ni jambo hilohilo. Suuza kidogo, tia mafuta tena, ulainishe tena. Hakuna njia ya mkato.

Kwa kitu kitakachokutana na maji, tumia magome: miwati, mikoko au mwaloni, yaliyopondwa na kulowekwa kwenye maji moto. Manyoya hutolewa kwanza kwa chokaa iliyozimwa, gramu 300 hadi 500 kwa lita 10, siku 3 hadi 7, mpaka yatoke kwa kusukumwa na kidole gumba. Vaa glavu na miwani, chokaa inachoma. Suuza siku nzima kwa maji mengi, malizia kwa siki kidogo kidogo mpaka pH 7 au 8. Maji ya magome yaanze mepesi kama chai ya rangi, na kila siku 3 au 4 uongeze makali. Ukianza na makali, tanini, dawa iliyomo ndani ya magome, hufunga ngozi kwa nje na katikati pabaki pabichi. Mkato utaonyesha mstari mweupe kati ya kahawia mbili. Ya mbuzi huchukua wiki 3 hadi 6. Chuma kisiguse: tanini na chuma hutoa weusi usiofutika, labda kama weusi ndio unaoutaka. Kulainisha ni kulekule, kwa ubao uleule na shavu lilelile.

Maji ya chumvi na asidi yazimue kwa magadi mpaka pH 7, usiyamwage penye mimea wala karibu na kisima, maana hata asidi ikizimika chumvi inabaki na inaua ardhi. Ngozi iliyokwisha ihifadhi imetandazwa au imeviringishwa, manyoya nje, pahali penye hewa. Usiikunje, na usiifunge kwenye plastiki.